Hilaria Sichalwe, mlinzi wa bahari ya Katandala

Saa kumi na moja alfajiri, Hilaria Sichalwe amekaa kwenye kigoda sebuleni kwa mwajiri wake, blanketi mabegani, tochi mkononi. Kioo cha tochi amekifunga kwa kitambaa chekundu. Nje upepo wa Julai unatikisa mabati ya mtaa wa Katandala, mjini Sumbawanga, ule upepo wa Ufipa ambao mgeni huusikia hadi kwenye mifupa. Ndani hakuna sauti nyingine ila mapovu yanayopanda kwenye tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto.

Haongei wala hakohoi. Kikohozi kikimjia, anajiziba mdomo kwa pindo la blanketi mpaka kipite.

Ndipo inasikika. Tik. Kimya kidogo, halafu tena, tik, tik. Ni sauti ndogo, kavu, ya kitu kigumu kinachogonga kitu kigumu. Hilaria anainua kidole kumzuia mwandishi wa makala haya asijongee, kisha anasogeza mwanga mwekundu polepole hadi kwenye jiwe la kushoto, lenye tundu la kupita kidole gumba. Tunduni yanachungulia macho mawili yaliyosimama juu ya vijiti, kila moja likitazama upande wake. Kufumba na kufumbua, hayapo.

"Umemwona," anasema, na wala haulizi. "Basi sasa tunaomjua tuko watatu. Mimi, wewe, na yeye mwenyewe."

Leo ni Alhamisi. Hilaria ana mpaka Jumamosi jioni kumtoa mwenye macho hayo, la sivyo kila kilicho hai ndani ya tangi hili kitachemshwa.

Tangi ni mali ya Isakwisa Mwakalonge, mfanyabiashara kutoka Mbeya aliyehamia Sumbawanga biashara ya nafaka ilipoachiwa huria. Malori yake hushusha mahindi na maharage Dar es Salaam na kurudi na sabuni, sukari na saruji. Katika safari moja alimkuta mzungu anayefunga virago kurudi kwao, akanunua tangi lake pamoja na samaki na mawe ya baharini yaliyokuwamo. Likaja juu ya lori likiwa limefungwa kwa magodoro. Maji yake ni ya bahari kweli, yanayoletwa kwa mapipa kutoka pwani, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na barabara ya Laela ikichafuka huchukua siku zisizojulikana.

Watu wa mji walicheka sana. Wengine wanaishi karibu na Ziwa Rukwa, wengine wana ndugu Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, na hakuna aliyeona sababu ya mtu mzima kusafirisha maji yasiyonyweka. Walipokwisha kucheka walianza kuomba kuingia kuangalia.

Kwa wiki kadhaa sasa samaki wanatoweka. Jumapili hii Violeth, binti wa Isakwisa, anapata kipaimara. Wageni watajaa sebuleni, na baba yake hataki waje kuona mizoga ikielea. Ametamka mbele ya nyumba nzima kwamba ikifika Jumamosi jioni mwizi hajatoka, maji yatamwagwa, mawe yatatiwa kwenye pipa la maji ya moto, na tangi litageuzwa kabati la vyombo.

Ndani ya mawe hayo ndimo wanamoishi wadudu wote wadogo wa tangi: minyoo, konokono, kaa wa ukubwa wa punje ya harage, na wengine wasio na jina la Kiswahili wala la Kifipa. Hilaria anawajua mmoja mmoja. Habari ya pipa ameipokea kama mtu aliyeambiwa mtaa wake utachomwa moto.

"Mhalifu ni mmoja," anasema huku akikunja blanketi. "Nitamtoa huyo mmoja."

Mama huyu ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Mwimbi, katika nyumba ya wakulima wa ulezi na maharage, akaishia darasa la saba. Alipoolewa akaja mjini, akapata kazi kwenye ghala la nafaka la ushirika. Kazi yenyewe ilikuwa ya macho. Alichoma bambo, kile chuma chenye mfereji, ndani ya gunia, akatoa mahindi kidogo, akayamwaga kwenye chekecheke na kuyatikisa. Kilichodondoka chini alikitazama kwa lenzi.

Kulikuwa na fukusi, anayetoboa punje tundu moja safi. Kulikuwa na dumuzi, anayekula kwa fujo na kuacha unga mwingi kuliko anaomeza. Hilaria anasema ilifika mahali hakuhitaji hata kumwona mdudu mwenyewe. Aliutazama unga tu akajua nani amepita. Msimamizi wake alipostaafu alimwachia lenzi yake, ambayo hadi leo ameifunga kwenye kona ya kanga.

Halafu soko likafunguliwa, ghala likafungwa, na kibarua kikaota nyasi. Wafanyabiashara wapya walinunua mahindi shambani na kuyapakia siku hiyohiyo. Hilaria alizunguka kwa karibu wote akieleza alichokuwa akifanya, na mmoja wao, pengine kwa nia njema, alimwuliza kama mahindi hayalali ghalani mdudu atakula saa ngapi. Anasimulia jambo hilo akicheka, lakini kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Mumewe alikuwa amefariki. Mwanawe Kasmir alikwenda kubeba mizigo bandarini Kasanga. Yeye akaingia kwa Isakwisa kufua na kupika, kwa mshahara ambao hadi sasa haufikii bei ya magunia mawili ya mahindi. Ndipo lori likaja na magodoro.

Isakwisa alinunua samaki. Wengine waliokuwamo kwenye mawe hakuwanunua, na hakuna aliyemwambia kwamba wapo. Haukupita muda wakaanza kutoka. Kwanza mnyoo mwekundu mwenye manyoya ubavuni, mrefu kama kamba ya kiatu. Mke wa Isakwisa, Atusaye, alimwona akijinyoosha, akapiga yowe moja lililomtoa jirani, na kwa muda mrefu akawa anapitia mlango wa jikoni ili asikatize sebuleni. Wakafuata konokono wadogo kama punje za mchele, vidubwana vinavyoruka kama viroboto, na kitu chenye mikono mitano myembamba kama uzi iliyokuwa ikipunga kutoka kwenye ufa.

Hilaria akakabidhiwa tangi kwa sababu yeye peke yake hakuogopa. Akafanya alichokijua. Ghalani, chochote kilicho hai ndani ya gunia na si hindi ni adui, na ukiona mmoja unapiga dawa ghala zima. Dawa hakuwa nayo, akatumia kibano. Kila asubuhi aliwatoa, kila jioni aliwatoa, na akiona jiwe lina shaka alilipiga mswaki. Alifunga kibwebwe hasa. Mwisho wa mwezi hakuna kilichotambaa, tangi likang'aa, Isakwisa akamsifu mbele ya wageni.

Kisha mambo yakaenda kombo. Maji yakaanza kunuka. Chakula kilichodondoka kilioza palepale kilipodondoka, utando wa kijani ukafunika mawe, samaki wakawa wanakuja juu kuhema. Walikufa wengi. Hilaria aliwazika nyuma ya jiko, kwenye tuta la figiri, akilia bila kujificha, na watoto wa jirani wakashangaa mtu mzima anamlilia samaki.

"Niliua wafagiaji wote," anasema, "halafu nikashangaa uchafu umetoka wapi."

Aliyemfumbua macho ni dereva wa lori, Ezekiel, kijana mcheshi ambaye mwanzoni alitaka kitu cha kuchekesha watu tu. Aliomba ile chupa ya jamu ambamo Hilaria alikuwa akiwatia aliowanasa, akaijaza pombe kali wasioze, akaenda nayo hadi pwani ya Kunduchi anakochota maji. Wavuvi waliitazama chupa kwa muda. Mzee mmoja wao akauliza hawa wote wamekosa nini.

Ezekiel alirudi na swali hilo, pamoja na mapipa ya maji mapya na magunia yaliyolowa ya mawe mengine. Hilaria anasema lilimkaa kooni. Alikuwa amewahukumu kwa kuwakuta tu, kama fukusi, bila kuwauliza wanakula nini.

Tangu hapo hakuna anayeuawa kabla ya kesi. Kwenye dirisha la jikoni kuna bilauri zimepangwa, na nyumba nzima wanaziita mahabusu. Mdudu asiyejulikana anatiwa humo peke yake, na maji ya tangi, kipande cha dagaa, utando wa kijani kidogo na konokono mmoja. Hilaria anapika, anafua, anapita kuangalia. Anayekula utando anarudishwa kwa heshima. Anayekula dagaa aliyeoza anarudishwa pia, huyo ni mfagiaji. Anayemgusa konokono anabaki ndani.

Akishindwa kabisa, sampuli hupanda lori. Jina hurudi safari inayofuata, na mara nyingine hurudi majina matatu yanayogombana, kwa kuwa wavuvi nao hawaelewani. Yule mwenye mikono ya uzi aliambiwa ni ndugu wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota. Wale viroboto hawakuwa na jina, Hilaria akawaita vibarua, kwa jinsi wanavyohangaika siku nzima na hakuna anayewaona.

Kwa hiyo alikuwa mjakazi, akawa na nchi yake. Wakati wa baridi analizungushia tangi mablanketi na kuweka jiko la mkaa sebuleni, mpaka Atusaye akalalamika kwamba Mama Kasmir anawafunika samaki kuliko anavyofunikwa mtu yeyote nyumbani humo. Umeme ukikatika na mashine ya hewa ikinyamaza, Hilaria anachota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu ili hewa iingie. Anachota na kumimina mpaka umeme urudi, na kuna siku vidole vilikufa ganzi akashindwa kushika mwiko.

Maji yakipungua, anaongeza ya kisima, yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji ndiyo yanayopanda hewani na chumvi inabaki chini. Jambo hilo aliligundua Atusaye, jikoni, kwa sufuria ya maharage iliyokaukia motoni. Hilaria husisitiza liandikwe kwa jina la Atusaye.

Mwezi wa tano ndipo tik ya kwanza iliposikika. Hilaria alidhani ni kioo kinachonywea kwa baridi. Halafu akaanza kukuta makombe ya konokono mchangani.

Akatoa chekecheke lake la ghalani. Alichekecha mchanga wa chini ya kila jiwe na kupanga alichopata juu ya sinia, akavitazama kwa lenzi kama alivyokuwa akitazama unga wa dumuzi. Makombe mazima yalikuwa ya waliokufa kifo chao. Machache yalikuwa na tundu dogo la mviringo, hiyo ikiwa kazi ya konokono mla wenzake, ambaye alishanaswa siku nyingi. Lakini chini ya jiwe la kushoto, mojawapo ya yaliyoletwa na Ezekiel, kulikuwa na makombe yaliyopasuliwa vipandevipande, na gamba la kaa likiwa limepigwa katikati.

"Nikajiuliza, nani humu ndani ana nyundo?" anasema. "Wote nilikuwa nimeshawapeleka mahabusu. Hakuna mwenye nyundo."

Baada ya konokono na kaa ikafika zamu ya samaki. Alikwenda yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, kisha mwenzake. Halafu kitatange mmoja, samaki bapa wa rangirangi, akakutwa amelala ubavu, na mnyoo mwenye manyoya yuko juu yake anakula. Isakwisa akaona hiyo basi ndiyo kesi imekwisha. Akaagiza minyoo yote itolewe.

Hilaria alikataa. Hakuwahi kumkatalia mwajiri wake jambo, na Atusaye anakumbuka kwamba sufuria ilimwanguka mkononi kwa mshangao. Hilaria alieleza kwamba mnyoo alikuja kula matanga tu, aliyeleta msiba ni mwingine. Isakwisa, ambaye si mtu mbaya ila ni mtu wa kutaka jambo liishe, alisema kwamba yeye amechoka kufuga mahakama sebuleni. Ndipo ilipotoka amri ya pipa.

Mwandishi wa makala haya alikuwa Sumbawanga kwa ajili ya habari ya bei ya mahindi, na alifika kwa Isakwisa kuuliza kuhusu malori. Alitoka na habari nyingine kabisa.

Hilaria ametega mtego. Ni chupa ya plastiki ya mafuta ya kupikia aliyoikata shingo na kuigeuza ndani, kama mgono ambao Kasmir huwaona wavuvi wakiutumia Kasanga, samaki anaingia kwa urahisi na kutoka hajui. Dagaa yumo ndani. Asubuhi ya kwanza aliingia kaa mdogo, akaachiwa kwa lawama. Asubuhi ya pili hakuna aliyeingia na dagaa hayupo. Mwenye macho ya vijiti ama ana mkono mrefu, ama ana akili.

Ijumaa mchana lori la Ezekiel linaingia, vumbi hadi kwenye kope. Anamwamkia Hilaria kabla ya kumwamkia bosi wake, na kabla ya kushusha hata katoni moja anatoa habari. Alikuwa amebeba makombe yaliyopasuka kwenye karatasi hadi Kunduchi. Safari hii wavuvi hawakugombana. Walisema ni kamba wa baharini, wa aina fulani, mwenye mikono iliyokunjwa kifuani kama vunjajungu anayesali. Mikono hiyo anaifyatua kwa kasi isiyoonekana. Kidole cha mvuvi amekipasua. Kioo pia hupasua.

Isakwisa, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, anatazama tangi lake, halafu kapeti lake, halafu tena tangi. Anauliza huyo kamba anatokaje. Ezekiel anasema kwamba wavuvi walishauri jiwe litolewe kwenye maji, kisha tundu lake limiminiwe maji yasiyo na chumvi. Hawezi kuyavumilia, atatoka mwenyewe.

"Na asipotoka?"

Ezekiel anakiri kwamba hilo hakuwauliza.

Jumamosi alasiri. Uani pipa limeshawekwa juu ya mafiga matatu, na moto umewashwa, kwani Isakwisa ni mtu wa neno lake. Ndani, Hilaria amekunja mikono ya blauzi hadi begani na kuingiza mikono yote miwili kwenye tangi. Jiwe la kushoto ni zito kuliko anavyoweza. Anajaribu mara ya kwanza na maji yanamrukia kifuani. Anapojaribu tena kuna mikono mingine karibu na yake, yenye bangili. Ni Atusaye, macho ameyafumba, uso umegeuziwa ukutani, lakini ameshika.

Jiwe linatua kwenye beseni la bati. Hilaria analifunika kwa taulo lililoloweshwa maji ya bahari, anaacha tundu tu wazi. Anachukua bomba la sindano lisilo na sindano, analijaza maji ya kisima, anayasukuma ndani. Maji yanatiririka nje na hakuna kinachotoka. Anajaza tena na kusukuma tena. Vibarua wawili watatu wanaruka nje, naye anawaokota kwa kijiko na kuwarudisha tangini. Mnyoo anachungulia upande wa pili wa jiwe na kurudi ndani.

Jua linashuka na maji ya kisima ni ya baridi ya kuuma meno. Ezekiel anapendekeza waya upenyezwe tunduni, Hilaria anatikisa kichwa. Waya utatoka na kila mtu.

Isakwisa anaingia kutoka uani, ananuka moshi. Anatazama hali ilivyo na, kwa haki, anajishusha. Anasema hana haja ya kuchemsha mawe yote tena. Mwizi si anajulikana aliko? Basi litiwe pipani jiwe hilo moja tu, mambo yaishe, mengine yabaki.

Kwa mtu yeyote hilo lilikuwa ushindi. Tangi limepona, kazi ya Hilaria imepona, wageni watakuta maji safi. Atusaye alishusha pumzi. Hata mwandishi alianza kufunga kalamu.

Hilaria hakuinuka sakafuni. Alikaa akitazama lile taulo. Kisha akaongea polepole, kwa adabu, bila kupandisha sauti.

"Baba Violeth, ndani ya jiwe hili niliowahesabu wamezidi mia, na sijawahesabu wote. Niliwahi kuua namna hiyo, wewe ukanisifu. Jua halijazama. Naomba jua langu."

Isakwisa akatoka, na kuni zikasikika zikivutwa kutoka chini ya pipa.

Hilaria akajaza bomba tena, akasukuma. Akajaza, akasukuma. Goti lake lilikuwa kwenye dimbwi na hakulihisi. Atusaye akawa anamletea maji, kisha akawa anashika taa ya chemli, kwani sebule ilikuwa imeanza kuingia giza. Wakati fulani Hilaria alikuwa akinong'ona kwa Kifipa, akilibembeleza jiwe kama mtoto aliyekataa kutoka chini ya kitanda.

Mwenye macho ya vijiti alitoka bila taarifa. Kitu cha kijani kiliruka kutoka tunduni, kikaanguka kwenye beseni na kuligonga, tik, safari hii kwa nguvu hata Ezekiel akarudi nyuma. Hakuzidi kidole cha kati. Mgongo wake ulikuwa wa kijani cha kasuku, mkiani buluu, miguuni wekundu wa pilipili, na mikono imekunjwa kifuani. Macho yake ya vijiti yakamzungukia kila mmoja aliyekuwamo chumbani.

Atusaye ndiye aliyesema kwanza. Alisema ni mzuri, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kidogo kusema hivyo.

Hilaria alimfunika haraka kwa kikombe cha plastiki, akamhamishia kwenye ndoo ya maji ya bahari, ndoo ya plastiki, maana bilauri za mahabusu asingezistahi. Wakalirudisha jiwe tangini, yeye na Atusaye, na safari hii Atusaye alifumbua macho. Baada ya hapo Hilaria akakaa kwenye kigoda na kulia, kilio kifupi cha mtu aliyechoka na kufurahi kwa pamoja.

Isakwisa aliingia akainama juu ya ndoo. Alimtazama mgeni wake wa miezi mitatu, aliyewala samaki na konokono wasio na idadi. Akasema maji ya pipa bado ni ya moto, huyu atupwe humo.

"Huyu hajaiba, Baba Violeth," Hilaria akasema. "Tulimtoa kwao tukamfungia pamoja na chakula. Sisi ndio tuliomleta."

Jumapili wageni walijaa kama ilivyotarajiwa. Waliimba, walikula wali na nyama, walimpa Violeth mkono na zawadi. Baadaye wakalizunguka tangi kwa zamu, watoto wakipanda mabegani mwa baba zao. Isakwisa aliwaeleza kwa sauti kubwa kuhusu wafagiaji na vibarua, akikosea majina mawili matatu, na Hilaria akipita na sinia la soda akawa anayasahihisha kwa upole. Bibi mmoja wa Kinyakyusa alitaka aonyeshwe mnyoo. Atusaye ndiye aliyemwonyesha.

Ndoo ilikuwa jikoni, imefunikwa kwa ungo. Ilikuwa ikigonga.

Jumatatu jioni, walipokuwa wakikausha vyombo, Hilaria aliomba ruhusa ya kwanza tangu aanze kazi katika nyumba hii. Lori linaondoka Jumatano. Anataka kwenda nalo, yeye mbele kwa Ezekiel na ndoo miguuni, dumu la maji ya bahari nyuma ya kiti ili ambadilishie mgeni maji njiani. Anataka kumrudisha mwenyewe, kwa mkono wake, pale Kunduchi alipotolewa. Isakwisa aliuliza tangi litabaki na nani. Mkewe akajibu kwamba litabaki naye, na kwamba bilauri anajua kuziosha.

Ruhusa ikatoka. Isakwisa akaongeza kwamba akirudi wazungumze habari ya maghala yake ya Kizwite, kwa sababu siku hizi mahindi yameanza kulala na yeye haelewi unga unaodondoka chini ya magunia ni wa nani. Hilaria alijibu kwamba wazungumze akirudi. Alisema hivyo kwa utulivu, lakini alikuwa ameshikilia ile kona ya kanga.

Mwandishi alimkuta Jumanne akikunja gauni lake moja zuri na sweta. Alikuwa na swali, na alionekana amelikalia kwa siku nyingi. Aliuliza kama mwandishi ameshafika baharini, akaambiwa ndiyo, mara nyingi. Yeye hajafika. Miaka yote hii maji yamekuwa yakimjia kwa pipa.

Alilaza mikono juu ya gauni, akatazama upande wa sebuleni, ambako tangi linaishia ukutani.

"Hapa kwangu naanzia kona ya kushoto, nakwenda jiwe kwa jiwe, nikifika mwisho nimewaona wote," alisema. "Kule, mtu ukisimama pale, unaanza kuangalia upande gani?"